Bango Lililoziba New Jersey

Katika ukumbi wa zimamoto wa kujitolea wa mji wetu kuna ubao mmoja tu wa kubandikia vitu, na ubao huo una wenyewe. Wenyewe ni akina mama wa jikoni, wale wanaouza pierogi, sambusa za kuchemshwa zenye viazi ndani, kila Ijumaa ya Kwaresima. Kiongozi wao, Wanda Hrebik, aliwahi kunifokea mbele za watu kwa sababu niling'oa tangazo lake nipate nafasi ya ramani yangu. Nilikuwa polisi wa mji huu miaka ishirini na sita, na nimeshamnyang'anya mlevi kisu kwa mikono mitupu, lakini Wanda simgusi. Kwa hiyo Jumamosi ile ya Machi, nilipoingia kufundisha darasa langu la kubeba bastola nikakuta bango la pierogi limebandikwa juu ya ramani, limeziba upande wote wa mashariki, niliguna, nikaliacha.

Ramani yenyewe ndiyo somo. Majimbo ya kijani yanakitambua kibali chetu cha Pennsylvania, kile kinachomruhusu mtu kubeba bastola chini ya nguo au mkobani. Mekundu hayakitambui. Jirani zetu wa magharibi ni kijani kitupu. Mashariki, ukivuka tu mto Delaware, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka ukumbini, ni New Jersey, na New Jersey ni nyekundu kama nyanya. Hawatambui kibali cha mgeni yeyote. Wakikukuta na bastola yenye risasi mkobani, ni jela, na sheria yao inataka ukae ndani miaka mitatu na nusu kabla hujafikiriwa kutoka.

Hayo yote niliyajua. Nayasema mapema ili usije ukanihurumia huko mbele ukidhani sikujua.

Darasa lilikuwa na watu kumi na wawili. Mbele kabisa alikaa Nadine Kolb na daftari lenye jalada la kijani, yeye peke yake kati yao wote ndiye aliyekuja na kalamu. Miaka hamsini na minane, dereva wa basi la shule. Basi lake lilipita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi saa moja na dakika kumi, na kila akinikuta kwenye sanduku la barua alinipigia honi mara mbili. Mumewe, Merle, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baada ya hapo mtu alivunja mlango wa banda lao la gari, akaiba vifaa vya marehemu, na Nadine akawa halali vizuri. Akanunua bastola ndogo, akaenda kwa sherifu akapewa kibali, akaja kwangu kujifunza. Hakuna sheria iliyomlazimisha kuja. Alikuja kwa sababu ni mtu wa kufanya mambo sawasawa.

Nilifundisha vizuri asubuhi ile, nisijidhulumu. Nilifundisha jinsi ya kuifunga bastola isifikiwe na watoto. Nilifundisha pia kwamba askari akikusimamisha barabarani, mikono iwe juu ya usukani, na kabla hajakuuliza chochote mwambie kwa upole kwamba una kibali na bastola iko mahali fulani. Kwetu sheria haikulazimishi, lakini mimi nimekuwa upande ule wa dirisha la gari, najua moyo wa askari unavyotulia akiambiwa. Niliwarudisha kwenye jambo hilo mara tatu. Nadine aliandika.

Ilipokaribia saa sita, harufu ya sandwichi ikatoka jikoni, watu wakaanza kugeuza shingo. Hapo ndipo Nadine akanyoosha mkono.

"Mwalimu, dada yangu Phyllis anakaa ng'ambo, New Jersey. Nikienda kumwona, niende nayo au niiache nyumbani?"

Ilikuwa nafasi yangu ya kulinyanyua bango la Wanda kwa kidole kimoja. Badala yake nikapiga mkono kiunoni, pale bastola yangu inapokaa, nikamwambia, "Mimi navuka kila wiki nayo hapa, kwenda kumwona kaka yangu. Hakuna aliyewahi kunigusa. Ile kadi ya kibali sherifu hakukupa uiwekee alama kwenye kitabu, Nadine."

Watu wakacheka. Naye akacheka, akainama, akaandika.

Nilichosema kilikuwa kweli, na ndio ubaya wake. Mimi ni polisi mstaafu. Ipo sheria ya nchi nzima inayoturuhusu sisi wastaafu, tukiwa na kitambulisho na tukifaulu shabaha kila mwaka, kubeba katika majimbo yote. Navuka kwa kadi ya aina nyingine kabisa, wala haina uhusiano na kibali chake. Nilijua tofauti hiyo nilipokuwa nikitamka maneno. Nilijiambia nitalirudia swali baada ya chakula. Baada ya chakula tukaenda kiwanjani kulenga shabaha, kila mtu akataka nimsahihishe mkono, na mimi nikapenda walivyokuwa wakinitazama. Swali likaenda na maji.

Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, Nadine aliweka keki ya sukari guru kwenye kiti cha abiria na mkoba wake sakafuni, akavuka daraja kumwona Phyllis aliyevunjika nyonga. Taa yake moja ya nyuma ilikuwa imeungua. Askari wa barabarani alimsimamisha amwambie habari za taa tu. Naye akafanya kama alivyofundishwa. Akaweka mikono juu ya usukani, akamwambia kijana wa watu kabla hajaulizwa, "Afande, nina kibali, na bastola imo mkobani." Nasikia yule askari alimwuliza, "Mama, kwa nini umeniambia?"

Akalala rumande akiwa na nguo zake za kanisani. Alipotoka kwa dhamana, shule ilikuwa imeshamsimamisha kazi.

Mimi habari nilizipata Jumanne kwenye mgahawa, pale tunapokaa wazee kunywa kahawa na kuumbuana. Vernon Moyer, fundi bomba, hajakaa hata vizuri, akaanza. "Dietz, mwanafunzi wako mmoja kaenda kuhitimu ng'ambo. Wamemvisha bangili kabisa." Meza nzima ikaangua kicheko. Akasema jina. Nikaweka kikombe mezani. Kisha mtu mmoja, kwa nia njema tu, akaniuliza kama huwa siwafundishi mambo ya ng'ambo ya mto.

"Nafundisha," nikasema. "Lakini wengine wanakuja kula sandwichi tu."

Wakacheka tena, zaidi ya mwanzo. Nimefanya mambo mengi ya kijinga katika maisha yangu, na mengi nimeyasamehe. Hilo bado. Nikiwa naoga, au nikiwa kwenye foleni ya posta, linanirudia neno kwa neno, na najikuta nimefumba macho kwa haya, mtu mzima wa miaka sitini na saba.

Siku tatu baadaye Nadine alinipigia simu. Nilitarajia matusi, nikawa nimeshaandaa majibu. Hakunitukana. Aliniuliza hali, akaniuliza mguu wangu mbovu, kisha akaniomba nimwandikie barua. Wakili wake, mwanamke wa ng'ambo huko huko aitwaye Rosalind Tesoro, alikuwa anakusanya barua za watu wanaomjua azipeleke kwa mwendesha mashtaka. Kwa mujibu wa wakili, sheria ya kule haijali kama ulijua au hukujua. Mwendesha mashtaka ndiye anayeweza kujali akipenda, na akijali anaweza kumweka Nadine kwenye mpango wa uangalizi badala ya jela. Asipojali, ni miaka mitatu na nusu.

"Nimemwambia labda sikukusikia vizuri siku ile," Nadine akasema. "Kichwa changu tangu Merle afe hakikai."

Nikamwambia tu barua ataipata. Aliningoja kidogo, kisha akanishukuru, akakata simu.

Barua niliiandika jioni hiyo hiyo, tena kwa mwandiko mzuri. Niliandika kwamba Nadine Kolb ni mwanamke mwaminifu, anayeaminiwa na watoto wa mji mzima. Halafu, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa unatafuta pa kujificha, nikaongeza sentensi moja: kwamba alihudhuria darasa langu na kufundishwa kikamilifu sheria zote za kubeba silaha, ndani na nje ya jimbo letu. Niliisoma mara mbili, nikaona imetukinga sote wawili. Nikaituma.

Baada ya wiki wakili akanipigia. Akaniomba niende ofisini kwake Alhamisi, na hakunieleza sababu.

Nilipokuwa katikati ya daraja ndipo nilipoikumbuka bastola. Ilikuwa kiunoni, kama kila siku. Nimeivaa miaka mingi kiasi kwamba siisikii, kama mtu asivyoisikia pete. Nilikuwa navuka mto nayo, kwa haki yangu yote ya kisheria, kwenda kumsaidia mwanamke anayekaribia kufungwa kwa kuvuka mto na yake. Nyuma kulikuwa na lori linanisukuma, siwezi kugeuza. Nikavuka.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la mikate. Nadine alikuwa amefika kabla yangu, kavaa koti la kanisani, amepakata daftari la jalada la kijani na viganja viwili juu yake. Tukasalimiana. Nilipokaa, kiti kilikuwa chembamba, kitako cha bastola kikanichoma ubavu, nikajisogeza. Nadine aliniona nikijisogeza. Alijua ni nini, maana mimi ndiye niliyemfundisha kutambua mtu aliyebeba. Akageuza macho dirishani.

Wakili Tesoro hakuwa na maneno mengi. Aliiweka barua yangu mezani, akaigeuza inielekee.

"Bwana Dietz, hii umeiandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kama alifundishwa kikamilifu, basi alijua. Na kama alijua, alivuka makusudi. Nikiipeleka hii kwa mwendesha mashtaka, wewe ndiye utakuwa umemfunga."

Nikaitazama ile sentensi yangu nzuri. Wakili akaendelea kueleza, kwa sauti ya mtu aliyechoka lakini hana ugomvi, kwamba kitu kimoja tu kingeweza kusaidia kweli: kama mtu wa kuaminika alimwambia Nadine kwamba anaruhusiwa. Alimwuliza Nadine mara nyingi, na kila mara Nadine alimjibu kwamba hakumbuki, labda alisikia vibaya. Kisha wakili akaniuliza mimi kama kuna lolote nililosahau.

Nilitazama daftari. Nilijua limeandikwa nini. Nilimwona akiinama kuandika siku ile, watu wakicheka. Na nataka niseme ukweli hapa, kwa kuwa nimeshasema mengine: hata hapo sikufungua kinywa mara moja. Nilifikiria cheti changu cha kufundisha. Nilifikiria jina langu likisomwa na askari wa ng'ambo, wakimcheka mstaafu wa kijijini. Nilifikiria meza ya mgahawa. Mwanamke alikuwa anakodolea macho miaka mitatu na nusu ya maisha yake, na mimi nilikuwa nawafikiria Vernon na kahawa yake.

"Alisikia vizuri," nikasema mwishoni. "Aliniuliza waziwazi. Nikamwambia mimi navuka nayo kila wiki, na hakuna anayenigusa. Sikumwambia kwamba mimi navuka kwa haki ya polisi mstaafu. Ramani ilikuwepo ukutani, imezibwa na bango la pierogi, na sikulinyanyua."

"Ulikuwa hujui?"

"Nilijua. Nilitaka wacheke."

Wakili aliiondoa barua yangu mezani. Hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. Alinisogezea karatasi tupu na kalamu, akanionya kwamba nikitia sahihi maneno hayo yatasomwa, na yataulizwa, na huenda nisifundishe tena. Nikaandika. Mwandiko haukuwa mzuri safari hii. Nilipofika mahali pa "nilijua" kalamu ilikwama, nikaandika "nilikuwa na ufahamu," nikaona najificha tena, nikakata, nikaandika "nilijua."

Tulitoka pamoja hadi kwenye maegesho. Jirani wa dada yake alikuwa hajafika kumchukua. Tukasimama katikati ya harufu ya mikate kama watu wawili wasiojuana.

"Nadine, hilo daftari," nikamwambia. "Nimeandikwa humo?"

Akalifungua bila kutafuta, ukurasa ulikuwa umeshakunjwa kona. Mwandiko wake wa mviringo, mstari mmoja: *Mwalimu anavuka nayo kila wiki. New Jersey sawa.* Chini yake tarehe.

"Kwa nini hukumwonyesha wakili tangu mwanzo? Hilo peke yake lingetosha."

Alikunja daftari, akalikumbatia.

"Siku ya mazishi ya Merle ulisimama njia panda kwenye theluji, ukazuia magari mpaka tukafika makaburini. Umestaafu, hakuna aliyekutuma. Tangu siku hiyo nikipita kwako nakupigia honi. Basi walipoanza kuniuliza huku, nikasema moyoni, Arlan Dietz atasema mwenyewe. Si jambo la mimi kumsemea. Nikakungoja."

"Na nimesema, Nadine."

"Umesema." Aliitazama barabara. "Lakini barua yako wakili alinisomea jana kwenye simu. Yote. Mpaka pale pa kufundishwa kikamilifu. Hapo ndipo nilipoacha kungoja. Leo daftari nimekuja nalo nimpe, useme usiseme; umeniwahi tu."

Gari la yule jirani likaingia. Nadine aliniambia kwaheri kwa adabu, kama anavyowaaga wazazi wa watoto wake, akapanda. Niliingia garini, nikaivua bastola, nikaitoa risasi, nikaifungia kwenye buti. Hakukuwa na sheria iliyonitaka nifanye hivyo. Tangu siku hiyo, nikivuka daraja, inabaki nyumbani.

Mwendesha mashtaka alikubali mwezi wa saba. Mwaka mmoja wa uangalizi, jela hakuna, na akimaliza salama hakuna hukumu itakayobaki kwenye jina lake. Bastola hakurudishiwa, naye hakuidai. Cheti changu cha kufundisha nilikirudisha mwenyewe kabla sijaulizwa, na nilikwenda ukumbini kuichukua ramani. Wanda Hrebik alinisaidia kuchomoa pini. Alikuwa ameshasikia. Alisema bango angelitoa kama ningemwomba tu.

Mgahawani nilikwenda Jumanne, kwa sababu uwongo nilikuwa nimeusema pale pale. Nikawaambia yote, na ile ya sandwichi pia. Nilijiandaa kuchekwa, nilitaka kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Vernon alinisogezea bakuli la sukari, ingawa anajua miaka thelathini sasa kwamba kahawa yangu sitii sukari. Wakaanza kuongea habari za mvua.

Shule ndiyo haikumrudisha. Hawakumfukuza kwa maneno. Mkataba wake ulipokwisha majira ya joto, hawakumpa mwingine. Nilikwenda kuwaona. Nilieleza kwamba kosa ni langu, nikaacha nakala ya karatasi yangu. Walinisikiliza vizuri sana, wakaniambia neno bastola likishakaa kwenye faili la dereva wa watoto, hakuna mzazi atakayesoma mstari wa pili. Sasa anapanga maboksi kwenye ghala karibu na barabara kuu. Phyllis aliniambia hivyo. Nadine mwenyewe tukikutana dukani ananiuliza mguu unaendeleaje, namjibu, kisha kila mtu anasukuma kikapu chake.

Shule zilifunguliwa wiki ya mwisho ya Agosti. Saa moja na dakika kumi nilikuwa kwenye sanduku la barua, kwa mazoea tu, maana barua haziji kabla ya saa tano. Basi lilitokea kwenye kona, namba ile ile, vichwa vya watoto madirishani. Dereva ni kijana mwenye kofia. Alipita bila kupiga honi. Hana sababu ya kunijua. Kila asubuhi natoka, nasimama pale mpaka lipite, halafu narudi ndani.